Rasimu iliyofutika Isongole tu

Mfumo niliokabidhiwa ulikuwa wa kupokelea viazi kwenye ghala moja la Isongole, njia ya kwenda Tukuyu. Mkulima analeta magunia, yanapandishwa mizani, karani anajaza jina, kijiji, aina ya kiazi, bei na tarehe kwenye fomu ya tovuti, anaingiza kilo, kisha anabonyeza Tuma. Aliyeuandika alishapata ajira Dar es Salaam, na simu akawa anapokea akipenda. Mwenye ghala, mtu mzima asiyependa maneno ya kuzunguka, alinieleza kazi kwa sentensi moja: "Kijana wangu, huu mfumo unasahau tunachotaka ukumbuke, na unakumbuka tunachotaka usahau." Nilitabasamu, nikidhani ni lugha ya mtu asiyejua kompyuta. Mpaka kazi inaisha sikupata maelezo ya kiufundi yaliyo sahihi kuliko hayo.

Naandika kwa ajili ya yeyote atakayerithi mfumo wa namna hii. Matatizo ya hali iliyohifadhiwa yana tabia ya kuudhi: kwenye mashine yako hayaonekani, kwa mteja yanaonekana, na ukifika kwa mteja yameshaondoka.

Kwanza tuelewane. Kila komponenti ya ukurasa, iwe fomu, jedwali, menyu au kichujio, ina hali yake: kilichoandikwa ndani, kilichochaguliwa, kama imefunguliwa au imefungwa. Kwa kawaida hali hiyo inakaa kwenye kumbukumbu ya ukurasa, na ukurasa ukipakiwa upya inakwenda nayo. Anayetaka idumu anaiandika mahali pengine, na wengi wetu tunakimbilia localStorage, hifadhi ndogo iliyo ndani ya kivinjari, kwa kuwa ni mistari miwili tu ya msimbo. Mistari hiyo haikwambii kwamba inapokea maandishi pekee, kwamba nafasi yake ni kama MB 5 kwa kila anwani ya tovuti, kwamba haina tarehe ya kuisha, na kwamba ni mali ya anwani ile ndani ya kivinjari kile, haijali nani ameingia kwa nywila gani. Ndugu yake sessionStorage yeye hufa kichupo kikifungwa.

Mtangulizi wangu alikuwa amehifadhi karibu kila kitu. Menyu ya pembeni kama iko wazi, mpangilio wa safu za jedwali, vichujio, rasimu ya fomu. Nilikuta hata ujumbe wa kosa umehifadhiwa: mtandao ukikatika mara moja, karani anasomewa "Imeshindikana kutuma" mpaka kesho yake, hata kama kila kitu kimekwenda vizuri.

Kabla ya kugusa chochote nilinunua kaunta buku. Nikafungua zana za msanidi kwa F12, nikaenda sehemu inayoonyesha hifadhi ya tovuti, nikaandika kila ufunguo, yaani jina ambalo kitu kimehifadhiwa kwalo, niliouona humo. Mbele ya kila ufunguo nikajiuliza maswali matatu: nani anauandika, nani anausoma, nani anaufuta na lini. Kazi hiyo inachosha na haina sifa, lakini ndiyo iliyoniokolea fedha nyingi kuliko ujanja wowote uliofuata. Kwenye safu ya tatu, ya nani anafuta, karibu kila mstari ulibaki mtupu. Funguo mbili zilikuwa na waandishi wawili wasiojuana: jedwali la wakulima na jedwali la malipo yote yalitumia ufunguo uitwao "safu", kwa hiyo ukificha safu ya simu upande mmoja, upande wa pili safu nyingine inatoweka. Lalamiko hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ya mwenye ghala kama "mfumo una mapepo". Niliurekebisha kwa kubadilisha jina la ufunguo mmoja.

Lalamiko la pili lilikuwa jepesi kueleweka ila zito kwa madhara. Ghala lina kompyuta moja na zamu mbili. Dada wa zamu ya mchana akiingia kwa jina lake, anakuta fomu imejaa mkulima wa asubuhi, pamoja na bei waliyokubaliana na karani wa asubuhi. Hapo localStorage ni daftari lililoachwa juu ya meza; anayekuja analifungua na kuendelea palepale mwenzake alipoishia. Kutoka kwenye mfumo kulifuta kitambulisho cha kuingia tu, rasimu ikabaki. Tuliweka namba ya mtumiaji ndani ya jina la ufunguo, na karani akitoka, vyote vya kwake vinafutwa isipokuwa rasimu ambayo haijatumwa. Hiyo inapelekwa kwenye seva kwanza. Na hapa niseme jambo ambalo vijana wengi tunalipuuza: ndani ya ile rasimu kulikuwa na namba za simu za wakulima, kwenye kompyuta inayoguswa na kila mtu, na msimbo wowote unaoendeshwa kwenye ukurasa ule unaweza kuzisoma. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuacha namba za watu zikizagaa si suala la uzembe tu.

Sasa nije kwenye lile lililonipa kichwa cha habari.

Makarani walisema rasimu inapotea. Karani anajaza nusu ya fomu, umeme unakatika au anafunga kivinjari kwa bahati mbaya, akirudi anakuta fomu tupu, wakati mfumo uliahidi kukumbuka. Nilijaribu chumbani kwangu Mafiati, mjini Mbeya. Najaza, nafunga, nafungua: rasimu ipo. Najaza, nazima kompyuta kwa kubana kitufe, nawasha: ipo. Nilibadilisha kivinjari, nikatumia simu, ipo vilevile. Nikaanza kuamini kwamba makarani wanabonyeza Futa bila kujua, na nilimwambia hivyo mwenye ghala kwa simu. Alinijibu kwa utulivu, "Basi njoo uone wanavyobonyeza."

Nilipanda Coaster asubuhi, ukungu ukiwa umelala barabarani. Pale ghalani kompyuta inapata intaneti kutoka kwenye simu ya karani. Kivinjari ni kilekile na toleo ni lilelile. Dada alijaza jina na kijiji, akapakia ukurasa upya mbele yangu, na fomu ikaja tupu. Akarudia, ikaja tupu tena. Hakusema neno, aliniangalia tu.

Kilichonisaidia ni kuacha kuangalia fomu. Nilifungua hifadhi pembeni na kumwomba ajaze tena. Rasimu ilikuwepo, nzima, jina na kijiji. Akapakia upya. Ufunguo ulikuwa bado upo, ila ndani yake kulikuwa na jina tupu, kijiji tupu, bei tupu. Maana yake hakuna aliyefuta. Kuna aliyeandika utupu juu ya rasimu, na mwandishi huyo alikuwa mfumo wenyewe, ndani ya sekunde ya kwanza baada ya kufunguka.

Msimbo ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuhifadhi: kila hali ya fomu inapobadilika, subiri milisekunde 500, kisha andika. Kazi hii ilianza kuhesabu hata fomu inapofunguka mara ya kwanza, ikiwa bado tupu. Ya pili ilikuwa ya kurejesha: subiri orodha ya wakulima itoke kwenye seva, ndipo usome rasimu na kuijaza kwenye fomu. Mwandishi alisubiri orodha ili alinganishe jina la mkulima, na nia yake haikuwa mbaya. Mafiati orodha ilikuja kabla ya ile nusu sekunde kuisha. Rasimu ikajazwa, saa ya kuhifadhi ikaanza upya ikiwa na maandishi sahihi. Isongole, kwa intaneti ya simu iliyowekwa dirishani ikitafuta mnara, orodha ilichukua sekunde kadhaa. Nusu sekunde ikaisha kwanza, utupu ukaandikwa juu ya rasimu, na orodha ilipofika, kazi ya kurejesha ikasoma kwa uaminifu mkubwa kile ilichokikuta: utupu.

Kwa hiyo makarani walikuwa sahihi tangu mwanzo, na kosa lilikuwa linategemea kasi ya mtandao. Safari yenyewe haikuwa ya lazima. Zana za msanidi zina sehemu ya kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi. Nilipoiwasha baadaye kule Mafiati na kuchagua kasi ya 3G ya polepole, rasimu ikafutika palepale, chumbani kwangu. Tangu siku hiyo hakuna kazi yangu inayotoka bila kupitishwa humo kwanza, na nakushauri ufanye hivyo kabla hujamshuku mtumiaji, hasa kama anakaa nje ya mji.

Marekebisho yalikuwa mawili. Rasimu inasomwa wakati uleule hali ya mwanzo inapotengenezwa, ndani ya useState (amri ya kutunza hali katika React, maktaba iliyojengea kurasa za mfumo huu), kabla hakijachorwa chochote, bila kusubiri seva. Jina la mkulima litalinganishwa baadaye orodha ikifika. Na kazi ya kuhifadhi hairuhusiwi kuandika kitu mpaka iwe imethibitika kwamba kurejesha kumekwisha. Kama mfumo wako unachora kurasa kwenye seva kabla ya kuzituma, njia hiyo ya kwanza itakugomea, maana kwenye seva hakuna localStorage, na kilichochorwa kule hakitalingana na kitakachochorwa kwenye kivinjari. Hapo itabidi urejeshe baada ya ukurasa kufunguka na utegemee ulinzi wa pili.

Niliporudi mjini nilidhani kazi imekwisha, nikaomba awamu ya pili ya malipo. Jibu lilikuwa, "Bado kilo."

Suala la kilo lilikuwa limeshatoka kwenye kompyuta likaingia kwenye mahusiano ya watu. Wakulima wenye magunia machache walikuwa wanaonekana kwenye taarifa wakiwa na kilo nyingi kuliko walizoleta. Mwenye ghala alikuwa na hakika kwamba dada wa asubuhi anakula njama nao, kwamba anawaongezea kilo na wanagawana. Kwenye biashara ya viazi watu wameumizwa na lumbesa miaka mingi, kila mtu anamshuku mwenzake mizani inapotajwa, kwa hiyo shutuma hiyo ilipata mashabiki haraka. Yule dada alikuwa ameambiwa afike na ndugu yake mkubwa mwisho wa wiki kujieleza. Aliponisimulia alikuwa amekunja kanga mkononi, na mimi nikajikuta siwezi hata kumwambia pole vizuri, maana sikujua bado kama ni mfumo au ni yeye.

Nilimwomba anionyeshe foleni inavyokwenda. Kushoto kuna orodha ya wakulima waliofika, kulia kuna kidirisha cha kilo. Anabonyeza mkulima wa kwanza, anaandika 412, anatuma. Anabonyeza wa pili: jina juu linabadilika, lakini kwenye kisanduku cha kilo bado kuna 412. Siku yenye watu wengi, mzani unasoma, mpakuzi anapiga kelele, karani anabonyeza Tuma akidhani ameshaandika.

Kila mtu, pamoja na mwenzangu niliyemshirikisha kwa simu, alisema ni hifadhi tena, futa localStorage. Nikafungua hifadhi. Kilo hazikuwemo kabisa. Mtangulizi wangu alikuwa ameamua, kwa busara, kwamba kilo zisihifadhiwe popote kwa kuwa lazima zisomwe kwenye mzani kila mara. Kitu pekee ambacho hakikuhifadhiwa ndicho kilichokuwa kinang'ang'ania.

Hapo nikajua natafuta mahali ambapo hakipo. Kama kipo kwenye skrini na hakipo kwenye hifadhi wala kwenye jibu la seva, basi kipo kwenye kumbukumbu ya ukurasa. React inatunza hali ya komponenti kwa kuangalia mahali ilipo kwenye mti wa ukurasa. Komponenti ya aina ileile ikibaki mahali palepale, kwake ni komponenti ileile, hata kama umeipa jina la mkulima mwingine. Taarifa inazoletewa kutoka juu zinabadilika, lakini hali yake ya ndani haiguswi. Dawa ni kuipa komponenti ufunguo wa utambulisho, ile sifa ya key, wenye namba ya mkulima. Namba ikibadilika, React inatupa komponenti ya zamani pamoja na hali yake na kutengeneza mpya, tupu. Marekebisho yenyewe yalikuwa nusu mstari. Kuna wanaotumia useEffect, msimbo unaoendeshwa baada ya ukurasa kuchorwa, kufuta kisanduku kila mkulima anapobadilika. Inafanya kazi, lakini ukurasa unachorwa kwanza na kilo za zamani ndipo zifutwe, na ukiongeza kisanduku kingine kesho utasahau kukiweka kwenye orodha ya vya kufuta.

Sikutuma maelezo kwa simu. Nilikwenda tena, nikamkalisha mwenye ghala kwenye kiti cha karani, nikamwambia aandike 412, atume, kisha abonyeze mkulima mwingine kwenye mfumo wa zamani. Aliangalia ile namba ikiwa imebaki. Akamwita dada. Hakuomba radhi kwa maneno, watu wa umri wake huwa hawaombi mbele ya kijana mgeni, lakini aliagiza soda tatu na kile kikao cha ndugu hakikufanyika. Kama kuna jambo moja kwenye kazi hii ninaloliwaza nikiwa nimelala, ni kwamba mfumo ulikuwa unamtengenezea mtu kesi, na kila aliyetazama skrini aliona ushahidi.

Tarehe ilikuwa hadithi fupi. Ikiwa rasimu itarejeshwa baada ya kufungwa, tarehe inarudi nyuma siku moja. Karani amechagua 1 Julai, anakuta 30 Juni. Kwa ghala hilo si kosa dogo, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kumbukumbu za ushuru wa halmashauri zinafuata mwaka huo. Sababu ni kwamba tarehe ilihifadhiwa kama kitu cha Date, kinachobeba siku pamoja na saa, na JSON, muundo wa kuandika data kama maandishi, ikaigeuza kuwa maandishi kwa saa za kimataifa. Tanzania tuko saa 3 mbele. Usiku wa manane wa kuingia 1 Julai hapa, kwa saa za kimataifa bado ni saa tatu usiku wa 30 Juni, na msimbo ulichukua herufi 10 za mwanzo tu. Siku ya kalenda ihifadhi kama maandishi, 2024-07-01, basi, usiipitishe kwenye saa kabisa. Ukiwa humo kagua na vitu vingine: JSON inatupa sehemu zenye undefined (thamani isiyowekwa) bila kukwambia, NaN (kisicho namba) inakuwa null (hakuna kitu), na Map au Set, aina za mikusanyiko ya data, inarudi ikiwa mabano matupu.

Halafu kulikuwa na skrini nyeupe, na hii niliisababisha mimi mwenyewe wakati narekebisha mengine. Kichujio cha aina ya kiazi kilikuwa kinahifadhi neno moja, tuseme "Arka". Nikakibadilisha kiwe orodha ili mtu aweze kuchagua Arka na Kikondo kwa pamoja. Kwangu kilifanya kazi. Ghalani kila aliyewahi kutumia kichujio alipata ukurasa mweupe, kwa sababu msimbo mpya ulipewa neno la zamani na kujaribu kulitendea kama orodha. Tangu React 16, kosa la kuchora lisilo na komponenti ya kulidaka linaondoa ukurasa wote. Kupakia upya hakusaidii, kwani data mbovu inasomwa tena kila mara. Dalili ya kukariri ni hii: kikifunguka kwenye Hali Fiche na kikagoma kwenye dirisha la kawaida, mshuku mkuu ni kilichohifadhiwa kwenye kivinjari, ingawa kache ya faili za zamani nayo huweza kuleta dalili kama hiyo. Siku hizi kila ninachohifadhi kina namba ya toleo ndani yake, kinasomwa ndani ya try na catch, amri za kudaka kosa, na umbo lake linakaguliwa kabla ya kutumika. Kichujio kisichoeleweka kinatupwa. Rasimu isiyoeleweka haitupwi kamwe. Inawekwa pembeni na karani anaambiwa.

Kabla sijafika kurekebisha hiyo, karani mmoja alipeleka simu yake kwa fundi simu, naye akafanya kilicho kawaida yake: akafuta data zote za kivinjari ili "kupunguza uzito". Skrini nyeupe ikapona. Rasimu za asubuhi nzima zikaenda nayo. Fundi hana kosa. Kosa ni la anayeweka kumbukumbu za fedha za watu mahali ambapo mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kupafagia kwa kubonyeza mara mbili. Rasimu sasa zinakwenda kwenye seva kila mtandao unapopatikana, na kivinjari kinabaki mahali pa kushikilia kwa muda. Kwa mwenye iPhone ni lazima zaidi: tangu mwaka 2020 Safari inafuta hifadhi inayoandikwa na msimbo wa ukurasa kama mtu ametumia kivinjari siku 7 bila kuigusa tovuti ile.

Simu za Android zina lao. Karani anaandika bei, simu ya WhatsApp inaingia, anapokea, mfumo wa simu unaua kichupo ili kupata nafasi. Herufi za ile nusu sekunde ya mwisho hazikuwahi kuandikwa. Wengi hutegemea tukio la beforeunload, linalotokea ukurasa unapofungwa, na kwenye simu tukio hilo mara nyingi halifiki kabisa. Tumia visibilitychange: ukurasa ukifichwa tu, andika papo hapo bila kusubiri.

Na usisahau kutazama anwani. Kaka mmoja wa zamu ya mchana alilalamika rasimu "zinaenda na kurudi". Alikuwa na njia mbili za kufungulia mfumo, moja yenye www na nyingine isiyo nayo. Kwa kivinjari hizo ni tovuti mbili, kila moja na hifadhi yake. Vivyo hivyo http na https. Tuliielekeza moja kwenye nyingine kwenye seva, baada ya kuhamisha rasimu zake.

Gharama, kwa anayepanga bei ya kazi kama hii: nilikadiria kama marekebisho madogo, na nauli, bando na siku zilizopotea nikitafuta kosa kwenye mtandao wa kasi vilimaliza karibu nusu ya malipo. Dai siku ya kukaa na watumiaji mahali wanapofanyia kazi iandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo, na ilipiwe. Dai pia ruhusa ya kuondoa baadhi ya vinavyohifadhiwa, kwa kuwa mteja huona kila uondoaji kama kupunguziwa alichonunua.

Hilo la mwisho bado halijaisha kati yangu na mwenye ghala. Siku moja alifungua taarifa ya akiba kwenye simu yake, akaona magunia machache, akampigia mnunuzi wa Dar es Salaam kumwambia hana mzigo. Kichujio cha "Sherekea", aina nyingine ya kiazi, alichokiweka wiki iliyopita kilikuwa bado kimeshika, na ghala lilikuwa limejaa Arka. Niliondoa uhifadhi wa vichujio nikaviweka kwenye anwani ya ukurasa, ili kinachochujwa kionekane na mtu aweze kumtumia mwenzake kiungo kama kilivyo. Juu ya jedwali nikaweka mstari mwekundu: "Unaona Sherekea pekee", na kitufe cha kuonyesha zote. Mstari ameupenda. Kuhusu uhifadhi, anasema mfumo aliolipia ulikuwa unakumbuka aina anayoipenda, na anataka ukumbuke tena. Nimemwambia nitaurudisha kwa safu za jedwali na menyu ya pembeni, lakini kwa kitu kinachobadilisha idadi ya magunia anayoyaona, sitaurudisha. Juzi amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu jambo hilo, sijaumaliza kuusikiliza.